Moshi wa Athi River, mapafu ya Kitengela: Nani anaipima hewa ya watoto?

MSAFIRI anayetoka Nairobi, akiiacha barabara kuu ya Mombasa pale Athi River na kushika ile ya Namanga, hahitaji kibao cha kumjulisha kwamba ameingia katika milki ya saruji. Malori yaliyosheheni shehena humpita moja baada ya jingine, dohani zimesimama mbele yake, na majani ya miti iliyo karibu na barabara yamegeuka rangi ya majivu. Kilomita chache mbele, pasipo pengo lolote la maana, unaanza mji wa Kitengela: maduka, nyumba za kupangisha, makanisa na shule.

Shule hizo ndizo zinazolifanya suala la hewa chafu katika eneo hili kuwa zito kuliko malalamiko ya kawaida ya vumbi na kelele. Mtu mzima anaweza kuhama, au walau kufunga madirisha. Mtoto wa darasa la pili hakuchagua mahali pa kusomea. Hukaa hapo mchana kutwa, na wakati wa mapumziko hukimbia uwanjani akivuta hewa yoyote iliyopo.

Malalamiko ya wakazi kuhusu moshi na vumbi la viwanda si mapya, na mkondo wake umekuwa ule ule. Wazazi hulalama, wakazi huandika barua, maafisa huzuru, kiwanda hujibu kwamba kina leseni zote zinazohitajika, kisha mambo hutulia hadi msimu mwingine wa kikohozi. Makala haya hayakusudii kukihukumu kiwanda chochote. Linalostahili kuulizwa ni kwa nini, katika nchi yenye sheria nyingi za mazingira kama yetu, malalamiko ya aina hii huishia njiani.

Ili kulijibu swali hilo sharti turudi nyuma kidogo. Hadi miaka ya 1980 Kitengela ilikuwa nchi ya malisho. Ardhi yake ilimilikiwa kwa pamoja na jamii ya Wamaasai chini ya mfumo wa ranchi za vikundi uliowekwa na sheria ya mwaka wa 1968, na wanyamapori wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi waliitumia kama njia yao ya kutoka na kuingia. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 ranchi ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapewa hatimiliki yake, na soko la ardhi likafunguliwa.

Mwaka wa 1990 serikali ilianzisha mpango wa maeneo maalumu ya viwanda vinavyouza bidhaa nje, yaani EPZ, na Athi River ikachaguliwa kuwa kitovu chake. Maelfu ya wafanyakazi walihitaji mahali pa kulala. Kitengela ilikuwa karibu, na kodi yake ilikuwa nafuu. Aliyekuwa na ekari za malisho aligundua kwamba vyumba vya mabati na mawe vingempa mapato ya kila mwezi ambayo ng'ombe wakati wa kiangazi hawakuweza kumpa.

Takwimu za sensa zinaeleza yaliyofuata. Mwaka wa 1999 wilaya ya Kajiado ilikuwa na watu 406,054. Miaka kumi baadaye walikuwa 687,312, na katika sensa ya 2019 kaunti hiyo ilihesabiwa kuwa na watu 1,117,840. Kitengela, pamoja na Ongata Rongai, ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya ongezeko hilo. Penye watu pana watoto, na penye watoto shule huchipuka: za umma chache, za kibinafsi nyingi, nyingine zikiwa kwenye vipande vya ardhi visivyozidi nusu ekari.

Si kwamba hapakuwa na waliotahadharisha. Mnamo Aprili 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola nne za Marekani kwa ekari kwa mwaka ili wasiuze wala kuweka ua. Baadaye Baraza la Kaunti la Olkejuado, likishirikiana na wenye ardhi na watafiti, liliandaa mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto, ulioainisha mahali pa malisho, pa makazi na pa shughuli nyingine. Lakini ramani haiuzi ardhi, mawakala ndio huiuza, na kasi ya mawakala iliishinda kasi ya ramani.

Hapo ndipo tunapokutana na hoja ambayo viwanda huitanguliza kila mara malalamiko yanapotolewa: sisi tulikuwa hapa kwanza. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kampuni ya East African Portland ilikuwa ikitengeneza saruji Athi River tangu miaka ya 1950, wakati ambapo Kitengela haikuwa mji hata kidogo. Hapo jirani, mzozo kati ya kiwanda cha pombe kali na nyumba za Great Wall Gardens ulifikishwa mbele ya jopo la mazingira, mahakama na hata kamati ya Seneti. Wakazi walilalamikia harufu na maji machafu, naye mwenye kiwanda alilalama kwamba nyumba zimeletwa katika eneo lililotengewa viwanda.

Hata hivyo, kutangulia mahali si sawa na kumiliki hewa yake. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Haisemi kwamba haki hiyo ni ya aliyefika mwanzo. Isitoshe, si viwanda vyote vilivyowatangulia wakazi. Vingine, vya saruji na vya kuyeyusha vyuma chakavu, vilijengwa baada ya 2000, wakati nyumba zilikuwa tayari zimesimama. Na nyumba zenyewe hazikujengwa usiku kwa siri. Kila ploti iliyogawanywa na kila shule iliyosajiliwa ilipitia mikononi mwa ofisi fulani ya serikali, ambako kuna mtu aliyepiga muhuri.

Sasa tuitazame hewa yenyewe. Moshi unaoonekana kwa macho si lazima uwe ndio wenye madhara makubwa zaidi. Wataalamu wa afya huhofia zaidi chembechembe ndogo mno, zenye upana wa chini ya mikromita 2.5. Upana wa unywele wa binadamu huzidi chembe kama hizo mara 20 hadi 30. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, likaleta chafya na kikohozi. Chembechembe hizo ndogo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Huhusishwa na pumu, maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba hewa chafu ya nje ya nyumba ilisababisha vifo vya mapema vya watu milioni 4.2 duniani mwaka wa 2019. Mnamo Septemba 2021 shirika hilo lilipunguza kiwango linachopendekeza cha chembechembe hizo kutoka wastani wa mikrogramu 10 kwa mwaka katika kila mita moja ya ujazo hadi 5. Katika ripoti yake ya mwaka wa 2018 kuhusu watoto, lilisema asilimia 93 ya watoto wote wa chini ya miaka 15 huvuta hewa isiyofikia kiwango cha usalama.

Mtoto huumia zaidi kwa sababu zinazoeleweka kwa urahisi. Hupumua haraka kuliko mtu mzima, mapafu yake bado yanakua, na kimo chake humweka karibu na ardhi ambako vumbi hutifuka. Vumbi la saruji lina magadi makali yanayochoma macho na njia ya pumzi. Kuhusu viwanda vinavyoyeyusha vyuma au betri kuukuu, hofu ni ya madini ya risasi, ambayo wataalamu hawajui kiwango chake chochote kilicho salama katika damu ya mtoto.

Msomaji anaweza kuuliza: je, hewa ya Kitengela ina chembechembe kiasi gani? Hilo ndilo swali ambalo mzazi wa Kitengela angestahili kujibiwa na serikali yake kila asubuhi, kama vile anavyopewa utabiri wa mvua. Kwa jinsi mambo yalivyopangwa, kinachopimwa kisheria ni kile kinachotoka kwenye dohani.

Kanuni za Ubora wa Hewa za mwaka wa 2014, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ziliwataka wenye viwanda kupata leseni ya kutoa moshi na kupima kinachotoka katika dohani zao. Tangu 2003, kanuni nyingine zimewataka waandae ripoti ya ukaguzi wa mazingira kila mwaka na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Mtaalamu anayeiandaa huwa na leseni ya NEMA, lakini anayemwajiri na kumlipa ni mwenye kiwanda. Sisemi kwamba wataalamu hawa wote husema wanachoambiwa. Nasema tu kwamba hata mpishi mwaminifu hapaswi kuwa ndiye hakimu wa mchuzi wake.

Kuna jambo jingine katika kanuni hizo lililoigusa Kitengela moja kwa moja. Jedwali lake la viwango vya hewa lilikuwa na safu moja ya maeneo ya viwanda na nyingine ya maeneo ya makazi na mashambani. Safu ya kwanza iliruhusu uchafu mwingi zaidi. Mantiki yake inaeleweka pale ambapo viwanda viko upande huu na nyumba ziko upande ule. Lakini shule iliyotenganishwa na kiwanda kwa ua wa mawe tu iwekwe katika safu gani? Mapafu ya mwanafunzi hayabadiliki kwa sababu mchoraji wa ramani aliipaka ploti jirani rangi ya viwanda.

Pasipo vipimo vya mahali watoto walipo, kila mtu humnyooshea mwenzake kidole. Kiwanda cha saruji husema vumbi ni la barabara za murram. Mwenye machimbo husema ni la malori. Wenye malori husema moshi ni wa taka zinazochomwa mitaani. Kusema kweli, wote wana chembe ya ukweli: Kitengela ina barabara za vumbi, ina taka zinazochomwa, na kuna majiko ya makaa katika vyumba vingi. Ndiyo maana vipimo vinahitajika. Kwa kuichunguza chembe yenyewe maabarani, mtaalamu anaweza kueleza iwapo imetokana na saruji, chuma, mpira ulioungua au udongo. Bila hivyo, mzazi anayepeleka malalamiko akiwa na kikohozi cha mwanawe kama ushahidi ataambiwa kwamba kikohozi kina sababu nyingi.

Kizingiti kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mpaka. Athi River iko katika eneobunge la Mavoko, Kaunti ya Machakos. Kitengela iko Kajiado Mashariki, Kaunti ya Kajiado. Hata zamani za mikoa, ya kwanza ilikuwa Mkoa wa Mashariki na ya pili Bonde la Ufa. Aliyeuchora mpaka huo hakuufikiria upepo. Athi River iko kaskazini mashariki mwa Kitengela, na kuanzia karibu Novemba hadi Machi upepo wa kaskazi, unaovuma kutoka upande huo, ndio hutawala. Moshi unaotolewa Machakos huvutwa Kajiado.

Katiba, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyinginezo za umma. Ulinzi wa mazingira kwa jumla ulibaki kwa serikali ya kitaifa. Mgawanyo huo ulikusudiwa kuleta huduma karibu na mwananchi, na katika mambo mengi umefaulu. Lakini hapa umezaa mkanganyiko. Afisa wa mazingira wa Kajiado hana mamlaka ya kuingia katika kiwanda kilicho ng'ambo ya mpaka. Mwenzake wa Machakos ana mamlaka, lakini mtoto anayekohoa si wa kaunti yake na mamaye hampigii kura gavana wake. Kodi na ada za kiwanda huingia Machakos, gharama ya matibabu hulipwa Kajiado. Wote wawili wana njia rahisi ya kutokea: hilo ni la NEMA.

Isidhaniwe kwamba viwanda vyote viko upande mmoja. Kajiado nayo ina vyake, na inazidi kuvipata. Kampuni ya National Cement ilijenga kiwanda cha klinka Merrueshi, ndani kabisa ya nchi ya wafugaji, ili kuyafuata mawe ya chokaa yaliko. Viwanda hivi vimeleta ajira na barabara. Lakini anayetaka kujua Merrueshi itakavyokuwa baada ya miaka 20, nyumba na shule zitakapokuwa zimekisogelea kiwanda, na aje atembee Kitengela leo.

Madhara ya kutopima mapema tumeyaona humu nchini. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka wa 2007 kikiwa kimepakana na makazi ya watu wapatao 3,000. Wakazi walilalamika kwa miaka mingi kuhusu moshi na maji machafu. Kilichobadilisha mambo ni damu ya watoto ilipopimwa na kupatikana na madini ya risasi, akiwemo mwana wa Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwaka wa 2015 alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman. Kiwanda kilifungwa 2014.

Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hesabu mwenyewe: miaka 17 tangu kiwanda kianze kazi hadi neno la mwisho la mahakama. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa anakaribia kuchukua kitambulisho. Yafaa ikumbukwe pia kwamba miongoni mwa walioshtakiwa pamoja na wenye kiwanda walikuwamo NEMA yenyewe na mamlaka ya EPZ, hii ya pili ikiwa ndiyo jirani mkuu wa Kitengela kule Athi River.

Tofauti ni kwamba Owino Uhuru palikuwa na kiwanda kimoja na sumu moja. Kitengela ina vyanzo vingi, na aliyeathirika hawezi kusema kwa hakika ni dohani gani iliyomletea maradhi. Wengi huacha kwenda mahakamani kwa sababu hiyo. Pengine hawajaambiwa kwamba kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu kuishtakia haki yake ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Yatosha kuonyesha kwamba haki hiyo inakiukwa au imo hatarini.

Ipo sababu nyingine ya ukimya, isiyosemwa hadharani. Mpangaji anayelalamikia vumbi asubuhi huenda ndiye anayevaa ovaroli jioni kuingia zamu ya usiku katika kiwanda hicho hicho. Mwenye nyumba aliyemkaribisha anaishi kwa kodi ya wafanyakazi. Mwenye shule hataki gazeti liandike kwamba hewa ya shule yake ni mbaya, kwani wazazi watahamisha watoto. Kila mmoja ana lake la kupoteza. Kwa hivyo malalamiko hupamba moto moshi unapozidi, kisha hufifia mwisho wa mwezi unapokaribia. Anayewalaumu wakazi kwa hilo hajawahi kulipa kodi ya nyumba Kitengela.

Wala kuvifunga viwanda si dawa, na sijawasikia wakazi wengi wakiidai. Vichujio vya kunasa vumbi ni teknolojia ya zamani inayofahamika kote duniani. Vikitunzwa na kubadilishwa kwa wakati, hunasa karibu vumbi lote kabla halijatoka kwenye dohani. Tatizo ni kwamba hugharimu fedha na umeme, na kichujio kinaposimama usiku hakuna anayejua isipokuwa msimamizi wa zamu na watakaoamka kukuta mabati yamepata tabaka jipya. Mtambo wa kupima hewa uliofungwa juu ya paa la shule, ukirekodi saa zote na takwimu zake zikiwa wazi kwa umma, ungejua.

Mitambo ya aina hiyo imeshuka bei mno katika miaka ya karibuni. Ile midogo haitoshi kumtia mtu hatiani mahakamani, lakini inatosha kuonyesha ni saa ngapi na upepo wa upande gani huja na uchafu, ili wakaguzi wenye vyombo vya uhakika wajue waende lini na wapi. Kaunti mbili zinazokusanya ada kutoka kwa viwanda vikubwa namna hii haziwezi kudai kwamba gharama hiyo inazishinda.

Kuhusu mpaka, Katiba ilishaliona tatizo. Kifungu cha 189 kinazitaka serikali za kaunti kushirikiana na kinaziruhusu kuunda kamati au mamlaka za pamoja. Kamati ya Machakos na Kajiado kuhusu hewa, yenye wakaguzi wanaoweza kuvuka mto bila kuomba ruhusa, haihitaji sheria mpya wala kura ya maoni. Inahitaji magavana wawili na meza moja. Na kabla ya hapo, idara za mipango za kaunti hizo zinaweza kuacha kuidhinisha shule mpya upande ambao upepo unaelekea kutoka viwandani, na viwanda vipya upande ambao upepo unatoka kuelekea shuleni.

Wazazi nao wana silaha ambayo haijatumika vya kutosha. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa taasisi ya umma, na inaitaka taasisi hiyo ijibu katika muda wa siku 21. Ripoti za ukaguzi wa mazingira zinazowasilishwa na viwanda kila mwaka ziko mikononi mwa NEMA. Kamati ya shule yoyote ya Kitengela inaweza kuandika barua ya ukurasa mmoja ikiomba ripoti ya mwaka uliopita ya kiwanda kilicho jirani yake, pamoja na vipimo vya dohani na tarehe vilipochukuliwa. Ikinyimwa, inaweza kulipeleka suala hilo mbele ya Tume ya Utekelezaji wa Haki, yaani ofisi ya mtetezi wa umma. Muhula wa kwanza hufunguliwa Januari, wakati kaskazi bado inavuma.